Modeli yangu inasema SMS zinawafanya wateja waache kulipa. Tuzizime?

SWALI

Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi ya uchambuzi wa data kwenye kampuni inayouza sola za mkopo, hapa Mwanza. Mteja anatoa kianzio, halafu analipa kidogo kidogo kwa simu. Asipolipa taa inajifunga. Nimetengeneza modeli ya kutabiri nani ataacha kulipa, na inatabiri vizuri. Safu (yaani kipengele kimoja cha jedwali la data) iliyotoka na uzito mkubwa kuliko zote ni idadi ya SMS za kumkumbusha mteja: kadiri zinavyokuwa nyingi, ndivyo anavyoelekea kuacha. Bosi ameshaanza kusema tuzizime, kwamba zinawakera watu. Nikaiweka data hiyo hiyo kwenye programu ya kutafuta sababu na matokeo, nayo ikachora mshale kutoka SMS kwenda kuacha kulipa. Niiamini? Na kwa jumla, inawezekana kweli kupata sababu kutoka kwenye data peke yake, au tunajidanganya?

JIBU

Marahaba, na umefanya vema kuuliza kabla ya kuzima.

Kabla hatujaifikia hiyo programu na mishale yake, nenda kwa aliyeandika mfumo wa kutuma SMS umuulize jambo moja: mteja anatumiwa lini? Naamini atakujibu hivi au karibu na hivi: akichelewa siku 3 inatoka ya kwanza, zikifika 7 inatoka ya pili, zikifika 14 inatoka ya tatu yenye maneno makali kidogo, na kuendelea. Kama ndivyo, basi mtu mwenye SMS 5 kwenye jedwali lako ni mtu ambaye ameshakaa gizani wiki kadhaa. Huenda mazao yameharibika, huenda kuna mgonjwa nyumbani, huenda taa yenyewe ilikuwa mbovu akakata tamaa. SMS hazikumfikisha hapo. Zilimfuata alipokuwa.

Modeli yako haijakosea. Uliiuliza nani ataacha kulipa, nayo ikashika alama nzuri kuliko zote ilizoziona. Bosi wako anauliza jambo jingine kabisa: nikibadilisha hiki, kile kitakuwaje? Wazee wetu walilitenganisha hili zamani kwa maneno machache: jogoo likiwika lisiwike, kutakucha. Jogoo ni mtabiri hodari wa alfajiri. Kusanya data ya mwaka mzima uipe kompyuta, itakuambia hakuna alama yenye uzito kama kuwika kwake. Lakini mchinje leo jioni uone kama kesho hakutakucha. Anayetaka tu kujua saa, jogoo anamtosha. Anayetaka kuiharakisha asubuhi, jogoo hamfai kitu.

Judea Pearl, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliyepewa Tuzo ya Turing ya mwaka 2011, tuzo kubwa kuliko zote za sayansi ya kompyuta, alilipa jambo hili lugha ya hisabati. Hesabu za uwezekano tulizozizoea zina alama ya "nikiona X". Hazikuwa na alama ya "nikifanya X". Yeye akaiweka. Ukiona SMS 5, umepata habari za mteja. Ukimtumia SMS 5 mteja uliyemchagua kwa kura, hujapata habari yoyote ya hali yake ya jana, kwa kuwa mkono wako ndio uliozileta, si kuchelewa kwake. Kwenye mchoro ni kama umekata mishale yote inayoingia kwenye SMS ukaacha ile inayotoka. Bosi wako anahitaji jibu la kufanya, na wewe mkononi una jibu la kuona.

Kuchanganya haya mawili kunaweza kuua. Katikati ya miaka ya 1990, huko Pittsburgh, Marekani, watafiti walifundisha modeli za aina mbalimbali kutabiri mgonjwa gani wa nimonia yuko hatarini kufa, ili wenye hatari ndogo watibiwe wakiwa nyumbani. Rich Caruana, wakati huo bado mwanafunzi wa shahada za juu, alikuwa na mtandao wa neva, modeli inayoiga ubongo na ambayo mtu hawezi kuisoma ndani, uliotabiri vizuri sana. Lakini modeli nyingine, ya aina inayotoa kanuni zinazosomeka, ilijifunza kwenye data hiyo hiyo kwamba mwenye pumu ana hatari ndogo ya kufa kwa nimonia. Madaktari walijua chanzo chake. Mwenye pumu akifika na nimonia alikuwa anapelekwa moja kwa moja chumba cha wagonjwa mahututi, na uangalizi wa huko ndio uliomwokoa. Data ilisema kweli. Ila kama modeli ingepewa kazi ya kuamua nani abaki na nani arudi nyumbani, ingewarudisha nyumbani wale ambao uhai wao ulitokana na kulazwa. Ule mtandao wa neva haukutumiwa kwa wagonjwa, kwa sababu bila shaka nao ulikuwa umeshika kanuni hiyo hiyo, na hakuna aliyeweza kuona ndani yake una mengine ya namna hiyo mangapi. SMS zako na pumu ile ni ndugu.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo gumu. Data peke yake, hapana. Data pamoja na masharti machache unayokubali kuyabeba, ndiyo, tena kwa kiasi kinachowashangaza watu.

Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu kilichotoka mwaka 1956 baada ya kifo chake, aliweka kanuni ambayo bado ndiyo mlango wa fani hii: vitu viwili vikienda pamoja, na si kwa bahati, basi kimoja kinasababisha kingine au kuna cha tatu kinachovisababisha vyote viwili. Shika hilo, halafu tazama miundo mitatu. Wa kwanza ni mnyororo: masika huleta madimbwi, madimbwi huleta mbu. Mvua na mbu vinaenda pamoja, lakini ukilinganisha vijiji vyenye madimbwi sawasawa, kujua mvua ilikuwa kiasi gani hakukuongezei habari ya mbu. Wa pili ni njia panda: joto la Januari Dar es Salaam linauza feni na linauza maji baridi. Ukilinganisha siku zenye joto lile lile, feni na maji havijuani tena. Kwenye data, mnyororo na njia panda vinafanana kama mapacha. Vya pembeni vina uhusiano, ukishika cha katikati uhusiano unakatika. Namba hizo peke yake hazitakuambia kamwe ni upi kati ya hiyo miwili.

Muundo wa tatu, makutano, ndio ulioifanya fani hii iwezekane. Umechomeka simu usiku, asubuhi unakuta haijaingia chaji. Ama umeme ulikatika, ama chaja imekufa. Kwa kawaida umeme wa mtaani na chaja yako havina habari: kufa kwa chaja hakuzimi mtaa. Lakini ukishajua kwamba simu haijaingia chaji, vinaanza kujuana. Jirani akikuambia umeme haukukatika usiku kucha, papo hapo unaishuku chaja. Akikuambia ulikatika tangu saa nne, unaisamehe. Habari ya kimoja imegeuka kuwa habari ya kingine, kwa sababu tu umeyashika matokeo yao. Hii ni kinyume cha ile miundo miwili: hapa vya pembeni havina uhusiano, na ukishika cha katikati ndipo uhusiano unapozaliwa. Alama hii haifanani na nyingine yoyote, kwa hiyo mtu anaweza kusoma mishale inaelekea wapi hata kwenye data isiyo na tarehe wala saa. Mara ya kwanza nilipoelewa hili nilifunga daftari nikatoka nje kutembea.

Peter Spirtes, Clark Glymour na Richard Scheines wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walijenga algoridhimu, yaani taratibu za hesabu ambazo kompyuta inazifuata hatua kwa hatua, juu ya alama hiyo, na kitabu chao kikatoka mwaka 1993. Inayojulikana zaidi inaitwa PC, yaani Peter na Clark, na yaelekea programu yako ni ya ukoo huo. Inaanza kwa kuunganisha kila safu na kila safu. Kisha inafuta mstari kila inapokuta uhusiano unaokatika baada ya kushika kitu kingine. Mwisho inatafuta makutano, inachora mishale yake, na kutoka hapo inaelekeza mingine inayolazimika kufuata. Mstari usiolazimika hauelekezwi, unabaki bila ncha, na programu nzuri itakuonyesha hivyo. Busara ya kufuta ni kwamba kujaribu michoro yote haiwezekani: safu 3 zina michoro 25, safu 5 zina 29,281, na safu 10 zinapita ile namba 4 inayofuatwa na sifuri 18.

Kaa kidogo na mfano wa simu na chaja, maana umo ndani ya jedwali lako. Jedwali hilo lina waliopewa mkopo tu. Tuseme afisa alikuwa anaangalia kipato na uimara wa mdhamini. Mwenye kipato kizuri alipita hata mdhamini wake akiwa dhaifu. Mwenye kipato kidogo alipita kwa sababu mdhamini alikuwa mtu wa uhakika. Ukiwatazama waliopita peke yao, utaona kipato kizuri kinaenda na wadhamini dhaifu, udhani mwenye fedha hakopeshwi imani na majirani. Mtaani huenda uhusiano huo haupo kabisa. Umezaliwa mezani kwa afisa mikopo. Na programu yako, ambayo haijui kwamba kulikuwa na meza, itauchorea mstari.

Hapo ndipo masharti yanapoingia. PC inaamini kwamba kila kinachosababisha safu mbili kwa pamoja kimo kwenye jedwali. Sijaiona data yako, lakini nikisikia SMS imechorewa mshale kwenda kuacha kulipa, jambo la kwanza ninalokisia ni kwamba safu ya siku za kuchelewa haimo, au imo kwa namna iliyofifia, labda kama wastani wa mwaka. Kisababishi kikikosekana, programu haisemi "sijui", inaunganisha vilivyopo. Ipo algoridhimu nyingine ya kundi lile lile, FCI, inayokubali kwamba huenda kuna sababu zilizojificha. Hiyo huweka mshale wenye ncha mbili pale inapoona dalili za kisababishi cha pamoja, na alama ya duara pale isipoweza kuamua. Ijaribu kwenye data yako. Michoro yake haivutii macho kama ya PC, lakini ina uungwana zaidi.

Sharti la pili ni kwamba athari mbili hazijafutana. Na kwako zinaweza kufutana kwa urahisi: SMS ikamkumbusha msahaulifu akalipa, ikamkera mwingine akaitupa sola uvunguni. Wakilingana, jedwali litasema SMS haina athari yoyote, wakati kwa kweli ina athari mbili kubwa.

Kuna hatari moja ndogo iliyonishika mimi mwenyewe. Nilikuwa na data ya kaya, kipato cha mwaka kikiwa kimeandikwa kwa shilingi na elimu ya mkuu wa kaya kwa miaka aliyosoma. Nikaiendesha kwa mojawapo ya algoridhimu zilizopata umaarufu kuanzia mwaka 2018, zile zinazotafuta mchoro mzima kwa mkupuo mmoja wa hesabu. Mshale ukatoka elimu kwenda kipato. Tukafurahi, maana uliingia akilini. Mwenzangu akasema tuandike kipato kwa mamilioni, jedwali lipendeze kwenye ripoti. Tukaendesha tena, mshale ukageuka: kipato kwenda elimu. Hakuna kaya iliyobadilika hata moja, tulihamisha nukta tu. Baadaye, mwaka 2021, watafiti walionyesha wazi kilichokuwa kikitokea: baadhi ya algoridhimu hizi, zikipimwa kwa data ya kutengenezwa kwenye kompyuta, zilipata alama nzuri kwa sababu tu safu yenye mtawanyiko mkubwa ilikuwa kwa kawaida matokeo. Ukibadilisha vipimo, ujuzi wote unayeyuka. Tangu siku ile, kila nikiletewa mchoro naanza kwa kubadilisha vipimo. Halafu nachota data upya kwa nasibu, mara 200 au 300, nikihesabu mshale huo umejitokeza mara ngapi. Mshale unaotokea nusu ya mara hizo siuweki kwenye ripoti.

Fani haikuishia kwenye makutano. Ukiwa na safu mbili tu hakuna makutano, na kwa muda mrefu iliaminika kuwa hapo hakuna la kufanya. Mwaka 2006 Shohei Shimizu na wenzake walionyesha kwamba ikiwa uhusiano ni wa mstari mnyoofu, na yale mabaki yasiyoelezeka na mstari huo hayafuati mkunjo wa kengele (mgawanyo wa kawaida wa takwimu), mwelekeo unasomeka. Ukipiga mstari kwa upande ulio sahihi, mabaki hayana habari na kisababishi. Ukiupiga kinyume, mabaki yanabaki na harufu yake. Ni hoja nzuri mno, ingawa mbele ya data chafu ya ofisini sijawahi kuitegemea peke yake.

Mafanikio ninayoyaheshimu zaidi ni yale ambayo mtu alitia mkono. Mwaka 2005 Karen Sachs na wenzake walipima molekuli 11 za kupashana habari ndani ya chembe za kinga za mwili, chembe moja moja, kwa maelfu. Waliongeza kemikali za kuchochea au kuzuia baadhi yake, kisha wakaiacha kompyuta ichore mishale. Mingi ililingana na ile ambayo wanabiolojia walikuwa wameijenga kwa miaka mingi ya maabara. Bila zile kemikali, mishale mingi ingebaki bila mwelekeo.

Ukauliza kwa jumla. Haya yana kazi gani kwenye modeli zetu za kila siku, ambazo nyingi zinatabiri tu? Bernhard Schölkopf wa Taasisi ya Max Planck mjini Tübingen, Ujerumani, hupenda mfano wa mwinuko na joto; niulete kwetu. Tanga kuna joto, Lushoto kuna baridi. Washa moto Lushoto nzima, mlima hautateremka. Lakini ungeweza kuunyanyua mji wa Tanga kilomita moja juu, ungepoa. Mshale unatoka mwinuko kwenda joto. Sasa fundisha modeli kwa vipimo vya Tanzania kufuata mshale huo, halafu ihamishie Ethiopia. Miinuko ya huko imegawanyika kwa namna nyingine, lakini hewa hupoa kwa utaratibu ule ule, takriban nyuzi 6.5 kwa kila kilomita unayopanda. Modeli inahama na akili yake, na kama kuna la kurekebisha ni dogo. Ifundishe kinyume, kutoka joto kwenda mwinuko, nayo itabeba ndani yake jiografia ya Tanzania. Ukiivusha mpaka inayumba. Utaratibu wa kusababisha husafiri. Uhusiano wa bahati ya mahali hubaki mahali pake.

Mwaka 2018 Sara Beery na wenzake walionyesha jambo hilo kwa ng'ombe. Modeli za kutambua picha zilimtambua ng'ombe vizuri akiwa kwenye majani, na zikamkosa akiwa ufukweni. Zilikuwa zimejifunza kijani kama sehemu ya ng'ombe. Anayeishi kaskazini au mashariki ya Unguja ameona ng'ombe wamelala mchangani mara nyingi, wala hajawahi kuwadhania kitu kingine, kwa sababu anajua majani si kinachomfanya ng'ombe awe ng'ombe. Picha nyingi kiasi gani za malishoni zisingeiponya modeli ile. Ilihitaji kukutana na mazingira tofauti, na ilihitaji njia ya kuuliza ni kitu gani kimebaki palepale mazingira yalipobadilika.

Njia hiyo ipo. Mwaka 2016 Jonas Peters, Peter Bühlmann na Nicolai Meinshausen waligeuza kanuni hii kuwa chombo cha kutafutia sababu: chukua mazingira kadhaa, tafuta safu ambazo uhusiano wao na matokeo haubadiliki popote, hizo ndizo zenye dai la kuwa sababu. Wewe una utajiri huo tayari. Una wateja wa mwambao wa ziwa wanaoishi kwa samaki, una wa pamba, una wa mjini. Una miezi ya mavuno na miezi ya njaa. Piga hesabu ya SMS na kuacha kulipa kwa kila eneo na kila msimu peke yake. Uhusiano ukiwa mkali Machi na ukatoweka Julai baada ya mauzo ya pamba, hapo unachopima ni mfuko wa mkulima, si ujumbe wa simu.

Niseme pia kwamba si kila kazi inahitaji haya. Kama idara ya fedha inataka tu kujua mwezi ujao zitaingia shilingi ngapi, modeli uliyonayo inatosha na jogoo aendelee kuwika. Sababu inatafutwa pale mtu anapotaka kutia mkono, au pale modeli inapohamishwa kutoka mahali ilipozaliwa.

Na mkono ukitiwa, hakuna algoridhimu inayoshinda kura, yaani kuwagawa watu kwa nasibu. Nakupa mfano wa hapa hapa Afrika Mashariki, ambao kila nikiufundisha darasani watu hunyamaza. Mtoto akifika hospitali na homa kali na dalili za mzunguko wa damu kushindwa, desturi iliyofundishwa duniani ilikuwa kumwongezea maji mengi kwa haraka kwenye mshipa. Data ya mafaili isingeweza kuhukumu desturi hiyo, kwa sababu ileile ya SMS zako: maji huongezewa walio hoi. Kathryn Maitland na wenzake wakafanya jaribio lililoitwa FEAST, kwenye hospitali sita za Kenya, Tanzania na Uganda, zikiwemo Kilifi na Muheza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa nasibu: kundi moja maji ya albumini (protini ya damu), kundi jingine maji ya chumvi, la tatu bila maji ya haraka. Saa ya kwanza walioongezewa walionekana kupata nafuu mapema, na daktari aliyesimama kando ya kitanda angeapa kwamba maji yanasaidia. Kufikia saa 48, waliokufa walikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa makundi mawili yaliyoongezewa, na asilimia 7.3 kwa wasioongezewa. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Athari ambayo karibu kila mtu aliiamini ilikuwa kinyume chake.

Kwa hiyo Jumatatu fanya hivi. Kwanza tafuta majaribio yaliyokwisha kufanyika bila mtu kukusudia: siku ambazo mtambo wa kutuma SMS uligoma, mwezi ambao kanuni ilibadilishwa kutoka siku 5 hadi 3. Waliochelewa siku mtambo umegoma hawana tofauti na waliochelewa wiki iliyotangulia, isipokuwa hawakupata ujumbe. Walinganishe. Utapata jibu la awali bila kutumia hata shilingi.

Kisha mwombe bosi wiki sita. Kila mteja anayefikisha siku 3 za kuchelewa apigiwe kura na kompyuta: nusu wapate SMS siku hiyo, nusu wasubiri mpaka siku ya 7. Hakuna anayenyimwa kitu, anacheleweshewa tu ujumbe kwa siku 4. Kura iwe kwa nyumba, si kwa akaunti, maana mume na mke hutumia simu moja na wewe utawaweka pande mbili. Na siku ya kuhesabu, mhesabu kila mtu upande aliopangiwa na kura, hata kama SMS haikumfikia kwa sababu laini ilikuwa imezimwa. Ukiwatoa wasiofikiwa, umewatoa waliouza simu kwa shida, na ule mchanganyiko uliokuwa unaukimbia umerudi kwa mlango wa nyuma. Kama kawaida nusu ya waliochelewa hulipa ndani ya wiki, na unataka kuona tofauti ya asilimia 50 na 45, utahitaji watu wapatao 1,560 kila upande ili uwe na nafasi 8 kati ya 10 za kuiona. Wakiwa wachache zaidi, ongeza wiki, usiongeze matumaini.

Ukishapata jibu la jumla, ligawanye kwa msahaulifu na kwa aliyeishiwa. Msahaulifu utamjua: amewahi kuchelewa siku 3 au 4, akapata ujumbe, akalipa siku hiyo hiyo. Aliyeishiwa hulipa vipande vidogo vidogo, mia tano leo, elfu moja kesho kutwa, halafu kimya. Nashuku SMS inamfaa wa kwanza, na wa pili anahitaji kupigiwa simu na mtu anayeweza kumpangia upya malipo. Lakini hayo ni makisio yangu, na kura yako itakuwa na haki zaidi kuliko mimi.